Ampule haijafa yote: kupima na kutengeneza taa za LED nyumbani

Hotuba ya mafundi kwa wakazi na vijana wanaojifunza kazi, Kadutu, Bukavu

Jambo yenu wote. Wapapa na wamama mlioacha biashara zenu ili mfike, na ninyi vijana mliokuja na testeri zenu, aksanti.

Juu ya meza hii kuna ampule za LED zilizokwisha kutupwa. Kila aliyetupa yake alisema neno lile lile: imekufa. Sisi tunasema ampule ya LED haifi yote. Ina vitu vidogo kumi na tano au ishirini ndani yake, na mara nyingi ni kimoja tu kilichokatika. Kuna jambo la pili, na ndilo hasa limetuleta hapa, kwa sababu wengi wanaotengeneza kando ya barabara hawalijali. Ukiunganisha kilichokatika, ukaacha umeme ule ule mwingi uendelee kupita mle ndani, mwenye ampule atakurudia muda si mrefu. Kutengeneza LED ni kazi mbili: kuunganisha, na kupunguza moto.

Usalama kwanza, na hapa hatumbembelezi mtu. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 220. Ukishapita kwenye daraja la diodi, linalougeuza uende upande mmoja tu, na kujaa kwenye kondensa, kile kikopo kinachotunza chaji, unafika volti 311. Ampule nyingi za bei ndogo hazina transfoma ya kuzitenga na laini, kwa hiyo vijia vya shaba vinavyounganisha chipu, vile vipande vidogo vinavyotoa mwanga, vinashikana moja kwa moja na waya wa nje. Ampule iliyovuliwa kofia ikiwa bado kwenye duyi ni sawa na waya uliochunwa. Zima, itoe, ndipo uifungue. Hata ikiwa mezani, kondensa inaweza kubaki na chaji. Chukua rezistansi ya kilo-omu 10, wati 2, iguse kwenye miguu miwili ya kondensa, hesabu mpaka tatu, kisha pima kwa testeri mpaka uone volti ziko chini ya 5. Wale wanaogusisha bisibisi ili ipige cheche wanaharibu kondensa na macho yao.

Tukija kwenye ugonjwa wenyewe: usianze na ampule, anza na nyumba. Ampule isiyowaka ipeleke kwenye duyi ya chumba kingine ambacho taa yake inawaka. Ikiwaka huko, ni nzima. Shida iko kwenye duyi, swichi au waya. Duyi za kuzungusha zina ulimi mdogo wa shaba katikati, na ulimi huo hulala kwa sababu mtu alikaza ampule kama anafunga buloni ya gari. Zima dijonkteri, hakikisha kwa testeri kwamba umeme umekatika, halafu inua ulimi huo milimita mbili hivi. Ukikuta mweusi na umeliwa, badilisha duyi nzima. Kuusugua ni kujipangia kazi ya wiki ijayo.

Kisha pima volti kwenye prizi saa moja za jioni, si saa nne za asubuhi. Mnajua wenyewe vilima vyetu: laini ndefu, waya mwembamba, na kila mtu anawasha reshoo kwa wakati mmoja. Ampule inayofifia jioni tu na kung'aa vizuri usiku wa manane haina ugonjwa wowote. Hesabu yake ni hii. Ampule isiyo na bobini ndani, yaani waya mwembamba ulioviringwa, yenye chipu 12 za volti 18, inahitaji karibu volti 216 ili chipu zote ziwake. Laini ikiwa na volti 220, kilele cha wimbi ni 311, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha. Laini ikishuka hadi volti 150, kilele chake ni 212, na ampule inafifia au inazimika kabisa. Ukinunua kwa ajili ya mtaa wenye umeme dhaifu, soma maandishi ya pembeni: inayoandikwa volti 85 hadi 265 kwa kawaida ina bobini na itavumilia, iliyoandikwa 220 hadi 240 peke yake itakusumbua.

Nyumba ikiwa nzima, ndipo tufungue ampule. Pitisha wembe kwenye mshono kati ya kofia nyeupe na mwili, zunguka taratibu ukikata silikoni, kisha minya kofia kwa viganja huku ukiizungusha. Ikigoma, iwekee kitambaa cha maji ya moto dakika moja. Ndani utaona sahani ya aluminiamu yenye vipande vya manjano vilivyopangwa duara. Hizo ndizo chipu. Manjano hayo ni unga wa fosfori. Chipu yenyewe inatoa mwanga wa bluu, unga unageuza sehemu ya bluu hiyo kuwa manjano, na jicho likivipokea vyote viwili linaona nyeupe. Ni bluu hiyo iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa fundi ina faida moja ya papo hapo: chipu ikiungua, mara nyingi manjano hupata nukta nyeusi katikati, ndogo kama kichwa cha sindano, na unamwona mgonjwa kabla hujawasha testeri.

Chipu hizo zimepangwa kama shanga kwenye uzi mmoja. Moja ikikatika, uzi wote umekatika na hakuna hata moja itakayowaka. Ndiyo sababu ampule yenye chipu tisa nzuri na moja mbovu inaonekana maiti.

Nukta nyeusi isipoonekana, inabidi kupima moja moja, na hapa testeri inawadanganya vijana wengi. Ukiiweka kwenye alama ya diodi, testeri nyingi hutoa kama volti 3 tu. Chipu ya volti 3 itawaka kidogo. Lakini katika ampule za siku hizi kuna chipu za volti 9, ambazo ndani yake kuna vipande vitatu vilivyofuatana, na za volti 18, zenye vipande sita. Hizo testeri haziwezi kuziwasha, basi kijana anapima zote kumi, anaona zote kimya, anatupa zote. Tengeneza kipimo chako: betri tatu za volti 9, zile za mraba, ziunganishe zifuatane upate volti 27, na kwenye waya wa chanya weka rezistansi ya kilo-omu 2.2, nusu wati. Kwa kipimo hicho chipu ya volti 3 inapata kama miliampea 11, ya volti 9 inapata 8, ya volti 18 inapata 4. Zote zitawaka wazi bila kuungua. Gusa miguu miwili ya kila chipu. Isipowaka, geuza nyaya, kwa sababu chipu ina chanya na hasi. Isiyowaka pande zote mbili ndiyo unayoitafuta.

Kuna chipu nyingine ya hila: inawaka dakika kumi, inazimika, inapoa, inawaka tena. Uzi wa dhahabu au wa shaba ulio ndani, mwembamba kuliko unywele, umeachia na unashika pale tu inapokuwa baridi. Ukiipima mezani inaonekana nzima. Ibonyeze pembeni kwa kijiti kikavu huku kipimo chako cha volti 27 kikiwa kimeshika. Inayopepesa unapoibonyeza, toa.

Sasa kuunganisha. Njia ya haraka ni kukwangua chipu mbovu kwa wembe mpaka vidato viwili vya shaba vibaki wazi, na kuvifunga kwa tone la eteni, ile lehemu ya kuunganishia, ili umeme upite moja kwa moja. Kwenye ampule ya chipu kumi au kumi na mbili tunakubali kuruka moja. Mbili ni mwisho wetu, na ukishafika tatu acha, ampule hiyo ni ya vipuri. Wengine husema ukiruka chipu moja, zilizobaki zinapata umeme mwingi zaidi. Kwa draiva za kisasa, yaani kidude kinachoongoza umeme wa chipu, si kweli, kwa sababu draiva inashika kiasi kile kile cha umeme. Kinachobadilika ni hiki: kwenye ampule isiyo na bobini, zile volti 18 ulizoziondoa zinamwangukia draiva, naye anazigeuza kuwa joto. Kwa miliampea 50 hiyo ni karibu wati moja zaidi juu ya kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kwenye draiva ya bobini hali hiyo haipo.

Njia nzuri zaidi ni kuweka chipu nyingine, iliyotolewa kwenye ampule ya vipuri. Lazima iwe ya volti zile zile: ya volti 9 kati ya za 18 itawaka, lakini hafifu. Feri ya kusude, chuma cha kuyeyushia eteni, ya wati 40 peke yake haitoshi, kwa sababu sahani ya aluminiamu inakunywa joto lote. Kata nyaya au ziachie, toa sahani kwenye mwili wa ampule, uilaze juu ya pasi ya nguo iliyogeuzwa tumbo juu na kuwekwa moto wa mwisho. Iwe pasi mzee ambayo haitarudi tena kwenye mashati. Eteni ya 63/37, yenye risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183, lakini ile ya viwandani isiyo na risasi husubiri karibu nyuzi 217, na pasi nyingi hazifiki hapo. Dawa yake ni kuongeza tone la eteni yako kando ya miguu ya chipu kabla ya kuipasha. Vikichanganyika vinayeyuka mapema. Eteni ikianza kung'aa kama maji, shika chipu kwa kibano kwenye ubavu, usiguse manjano, maana ni laini kama ufizi wa mtoto na ukiibonyeza uzi wa ndani unakatika. Telezesha, toa, weka nyingine kwa upande ule ule wa chanya, ondoa sahani kwenye pasi bila kuitikisa. Kuna wanaotumia bati juu ya babula. Inawezekana, lakini moto wa makala haupimiki, na tumeona sahani zimekauka rangi ya kahawa na chipu zote zimeharibika kwa sababu ya kuokoa moja.

Kabla ya kurudisha sahani, paka mafuta ya kupitisha joto, tabaka jembamba kama siagi ya mtu bahili. Bila kugusana vizuri na mwili wa ampule, sahani haina pa kupelekea moto wake.

Na hapo ndipo wengi hufunga kofia na kudai pesa. Subirini. Chipu ile haikukatika kwa bahati mbaya. Anayeuza anataka kuandika wati 9 kwa kutumia chipu chache na aluminiamu kidogo, kwa hiyo anazisukuma mpaka ukingoni. Tafuteni kwenye sahani, karibu na kile kidude cheusi cha draiva, rezistansi mbili ndogo zilizolala bega kwa bega. Hizo ndizo zinazomwambia draiva apitishe umeme kiasi gani. Tukamate mfano wa moja iliyoandikwa 200 na nyingine 240. Vijana, 200 hapo si omu mia mbili: ni 20 bila sifuri ya kuongeza, yaani omu 20. Nyingine ni omu 24. Zikiwa pamoja sambamba zinatoa karibu omu 10.9. Draiva nyingi zisizo na bobini hushika volti 0.6 juu ya rezistansi hizo, gawanya 0.6 kwa 10.9, unapata miliampea 55. Chipu kumi za volti 18 ni volti 180. Kwa miliampea 55 ni wati 9.9. Sasa toa ile ya omu 24. Imebaki omu 20: miliampea 30, wati 5.4. Mwanga unapungua, kweli, ila haupungui sana kama wati zinavyopungua, kwa sababu chipu iliyopoa inatoa mwanga mwingi zaidi kwa umeme ule ule. Kwa chumba cha kulala au veranda hutaona hasara. Kwa duka la mshonaji cherehani, basi badala ya kutoa kabisa ile ya 24, iondoe na uweke ya omu 47; utakuwa katikati, karibu miliampea 43.

Kwenye draiva ya bobini hesabu ya 0.6 haifai, namba ni nyingine, lakini desturi ni ile ile: kukiwa na rezistansi mbili sambamba, ukiondoa moja umeme unashuka. Anza kwa kuondoa yenye omu nyingi zaidi.

Magonjwa mengine tutayapitia haraka. Ampule inayotetemeka, au ukiitazama kwa kamera ya simu unaona mistari inapita, ina kondensa iliyokauka. Mara nyingi ni ya maikrofaradi 4.7, volti 400. Ikiwa imevimba kichwa, usipoteze muda kuipima. Nunua iliyoandikwa nyuzi 105, si 85. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukata maisha ya kondensa karibu nusu. Mstari wa pembeni ni upande wa hasi, na ukigeuza italipuka. Ampule inayowaka na kuzima kwa mpigo sawasawa, kama saa, ina draiva ya bobini inayojaribu kuanza na kushindwa: angalia chipu iliyokatika kwanza, kisha kondensa ndogo iliyo karibu na draiva. Ampule isiyowaka na chipu zote ni nzima, pima rezistansi ya mlangoni, ile ya omu 10 hivi inayofanya kazi ya fyuzi. Ikiwa imekatika, usiibadilishe ukafunga. Pima kwanza daraja la diodi, kila diodi isome kama 0.5 au 0.6 upande mmoja na kimya upande mwingine. Daraja likiwa limeshikana, rezistansi mpya itaungua papo hapo. Na chipu inayotoa bluu tupu imedondosha unga wake. Iruke, msiikodolee macho.

Wamama wengi wanauliza kuhusu taa inayobaki na kamwanga kadogo usiku baada ya kuzimwa. Si mambo ya wachawi. Aliyefunga waya alikatisha netre, waya wa kurudisha umeme, kwenye swichi badala ya fazi, waya unaoleta umeme, au swichi ina taa ndogo ya kuionyesha gizani. Fazi ipitie kwenye swichi, hiyo ndiyo dawa, na pia ndiyo usalama wa anayebadilisha ampule. Ikibaki bado, kondensa ya maikrofaradi 0.1 ya aina ya X2, volti 275, iwekwe sambamba na duyi.

Zile ampule za chaji, tunazozipenda kwa sababu ya delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, zina betri ndani, mara nyingi lithiamu ya volti 3.7. Ikijaa inasoma 4.2. Ukikuta chini ya 2.5 baada ya chaji ya usiku mzima, betri imekwisha, weka nyingine, na usichome eteni juu ya mwili wa betri yenyewe. Tumia iliyokuja na vibapa vyake vya kuchomea eteni. Halafu kuna lalamiko moja linalowachanganya hata mafundi: taa ya chaji haizimiki ukibonyeza swichi. Ampule hiyo inajua umeme umekatika nje kwa kuhisi kama laini bado imeshikana na nyumba nyingine. Ukiweka ampule mbili kwenye swichi moja, ile ya pili inaunganisha nyaya mbili za duyi hata swichi ikiwa imezimwa, na ya chaji inadhani ni delestaji. Iwe peke yake kwenye swichi yake.

Paneli za dari zina draiva yake nje, na inabadilishwa nzima. Soma kibandiko: kikiandikwa miliampea 300, volti 54 hadi 96, tafuta yenye miliampea hizo hizo na volti zinazokaribiana. Wati peke yake haitoshi kulinganisha.

Ampule ukiisha kuifunga, msiibandike moja kwa moja kwenye laini. Tafuteni ampule ya zamani ya uzi, ya wati 60, ifungeni ifuatane na duyi ya majaribio. LED ikiwa nzima itawaka na ile ya uzi itabaki giza. Kukiwa na kosa, ya uzi itang'aa, na hakuna kitakacholipuka mezani. Ikishapita hapo, iwake saa nzima ikiwa imening'inia kichwa chini, jinsi itakavyokaa darini, maana joto hupanda kwenye shingo ambako kondensa inakaa.

Na huko nyumbani, umeme ukikatika, zimeni swichi. Ukirudi, subirini dakika mbili tatu kabla ya kuwasha. Volti za mwanzo hazitulii. Ampule ya wati 12 isiwekwe ndani ya kioo kilichofungwa pande zote chini ya bati. Humo weka ya wati 5. Iliyoyeyuka shingo, iliyoingiwa maji au iliyopasuka mwili hatuitengenezi kwa bei yoyote. Tunachukua chipu zake nzuri, daraja na bobini, kila kimoja kwenye kopo lake lenye maandishi ya volti.

Pasi imeshapata moto. Wenye ampule wapange mstari upande wa dirisha, za kuzungusha huku, za miguu miwili kule, na kila mmoja aandike kwenye karatasi inafanya nini: haiwaki, inatetemeka, au inafifia jioni.